Mtoto Aliyeonyesha Mlima wa Chumvi: Kusoma Habari za Maisha Tukiwa Ruwenzori

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili aliyeko Butembo au Beni, kama mwenzake wa Unguja au Mombasa, husoma habari za maisha ya watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile raha ya kumfuata binadamu mmoja tangu utoto wake hadi uzee. Ya pili ni maarifa, kwani maisha ya mtu mmoja huangaza zama zake zote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa raha na maarifa hayo yaweza kwenda pamoja kwa sharti moja, nalo ni kwamba msomaji asichoke kuuliza ni nani aliyekuwapo na hakutajwa jina. Mifano yetu mikuu tumeichota katika vitabu viwili vilivyotokana na misafara ya karne ya 19 katika Kongo ya mashariki.

Mlima wa chumvi

Mwaka 1890 Henry Morton Stanley alichapisha In Darkest Africa, kitabu cha safari yake ya kumtafuta Emin Pasha. Humo anaeleza jinsi tarehe 24 Mei 1888, alipokuwa karibu na Ziwa Albert, mtoto mmoja alivyomwonyesha mlima wa mbali uliosemekana kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani kwanza ni wingu, kisha akatambua kuwa ni theluji. Mlima huo ndio Ruwenzori.

Kisa hiki chapendeza, hasa kwa msomaji wa Beni ambaye anga likitakata huiona milima hiyo hiyo. Wala neno la chumvi si la kuchekwa. Chumvi ya Katwe, kando ya Ziwa Edward, ilikuwa bidhaa kubwa katika nchi hizi, na Wanande walikuwa miongoni mwa walioifuata. Binadamu hukieleza kigeni kwa kukifananisha na kile akijuacho.

Hata hivyo, tukirudia ukurasa ule tunaona jambo jingine. Stanley awataja kwa majina maofisa wake Jephson na Parke, waliokuwa wameuona mlima mwezi uliotangulia. Amtaja pia Luteni Stairs, aliyeupanda Juni 1889 hadi kupita mita 3,000. Yule aliyemwelekeza macho yake abaki kuwa mtoto tu. Hatujui alizaliwa wapi wala alikufa lini. Katika historia ya kile kilichoitwa ugunduzi wa Ruwenzori, aliyeonyesha hana jina, na aliyeonyeshwa ana kitabu.

Masimulizi mawili ya jambo moja

Kitabu cha pili ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Twaanza na kijana wa miaka 12 anayefanya biashara ndogo ya sandarusi, na kabla hatujatanabahi tumo Manyema, katikati ya pembe, bunduki na vita. Lugha yake ni nyepesi, haina madoido, nayo humchukua msomaji kama mazungumzo ya barazani.

Thamani ya kitabu hiki huonekana zaidi kikiwekwa kando ya kile cha Stanley. Mwaka 1887 wawili hawa walipatana kwamba Tippu Tip atatoa wapagazi 600. Wapagazi walichelewa, na kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kikaangamia kwa njaa na maradhi. Stanley alimtupia Tippu Tip lawama. Kwa upande wake Tippu Tip, kisa chote kilizunguka baruti ambayo yeye aliahidiwa asiipate. Dai lilifunguliwa Unguja, likaachwa bila hukumu. Msomaji basi ndiye hakimu, naye hujifunza kwamba kila anayesimulia maisha yake hujitetea.

Lakini tusisahau kuwa wote wawili wamenyamaza kuhusu jambo moja. Wapagazi walikuwa na yao ya kusema, na watu wa msituni walionyang'anywa chakula, pembe na watoto walikuwa na yao pia. Hapa ndipo raha ya sisi tuliozaliwa huku inapochanganyika na uchungu. Misafara ile ile iliyowateka watu wa nchi hizi ndiyo iliyotuletea lugha tunayowasomea habari zao.

Hitimisho

Dawa haipo katika kuacha kuvisoma vitabu hivi. Dawa ni kuviongezea vingine. Mwaka 1965, katika mji ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huko huko historia ya mji wao kama walivyoiona waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kama walivyoyasimulia wenyewe kwa Kiswahili. Kazi hizi zathibitisha kuwa mtu wa kawaida aweza kuwa shahidi wa historia, na kwamba Kiswahili cha Kongo hakina sababu ya kujionea haya mbele ya kile cha pwani.

Butembo ina wafanyabiashara waliopeleka mboga na maharagwe Kisangani enzi za Zaire. Ina bibi walioijua njia ya Semliki kabla ya magari. Beni nayo, tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, imejaa wazee waliokimbia vijiji vyao. Mzee akikimbia huacha nyumba na shamba, na huacha pia wale aliokuwa akiwasimulia jioni. Kazi ya kukaa naye kitako, hata kama anasema Kinande na sisi tunaandika Kiswahili, haingoji fedha wala mradi. Yahitaji daftari na subira.

Na atakayeianza, ukurasa wa kwanza aandike jina la msimulizi, akiridhia. Kisha amwulize yule mtoto aliyekuwa naye safarini aliitwa nani.