Moorfields na Deni la Misri

Mzee wetu wa Maskati, Dubai au London akipatwa na mtoto wa jicho, jina la kwanza kutajwa barazani ni Moorfields. Tunalitaja kama jina la jamaa. Tunachosahau ni kwamba hospitali hiyo ilizaliwa kwa sababu ya maradhi yaliyotoka Misri, na walioyachukua mpaka Ulaya ni askari waliokwenda huko bila ya kualikwa.

Wafaransa waliingia Misri mwaka 1798. Waingereza wakateremka Abu Qir mwezi wa Machi 1801 kwenda kuwatoa. Majeshi yote mawili yaliugua macho: kope zilivimba, usaha ukatoka, na wengi wakapofuka. Waliporudi kwao waliwaambukiza wenzao kambini, kisha raia. Sehemu kubwa ya maradhi hayo ilikuwa trakoma, lakini Waingereza waliyaita maradhi ya macho ya Misri, na jina likaganda. Sisi tunaona jina hilo halikuwa la haki. Ni Cairo hiyo hiyo, zama za Khalifa al-Hakim, ambako Ammar bin Ali al-Mawsili aliandika namna ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Bimaristani ya Sultani Qalawun, ya mwaka 1284, ilikuwa na sehemu yake maalumu ya wagonjwa wa macho.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, mwaka 1805, John Cunningham Saunders alifungua zahanati ya macho na masikio Charterhouse Square, London, akiwatibu maskini bure. Masikio yaliachwa upesi, maana wa macho peke yao walitosha kuijaza nyumba. Saunders alipanua mboni kwa dawa ya beladona na akathubutu kuwapasua watoto wachanga waliozaliwa na mtoto wa jicho. Alifariki mwaka 1810, umri wake miaka 36. Madaktari wawili wa Marekani waliosoma hapo, Edward Delafield na John Kearny Rodgers, walirudi kwao wakafungua hospitali ya macho New York mwaka 1820.

Mwaka 1822 hospitali ilihamia Moorfields, na ingawa toka mwaka 1899 iko City Road, jina la mtaa ule haikuliacha. Harold Ridley, daktari wake ambaye pia alifanya kazi St Thomas', ndiye aliyetia lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho, mwaka 1949. Lenzi hiyo alimtilia mgonjwa wa St Thomas'. Leo wazee wetu wengi wanasoma msahafu kwa lenzi za namna hiyo.

Mwaka 2007 Moorfields ilifungua tawi Dubai. Na trakoma? Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Oman kuwa nchi ya kwanza kuitokomeza. Habari hiyo haijapata kuzungumzwa barazani kwetu hata nusu ya inavyozungumzwa Moorfields.