Rutuba isiyotakiwa

Mkulima akisema shamba lake lina rutuba, anajisifu. Mtaalamu wa maziwa akisema vivyo hivyo kuhusu Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, pale Kisumu, anatangaza ugonjwa.

Neno lilitoka Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Waswahili wakalifanya sifa ya udongo, na sasa sayansi inalirudisha majini likiwa limebeba nitrojeni na fosforasi: mbolea iliyosombwa na mvua, majitaka ya mijini, udongo wa mashamba. Vijimea vya kijani hustawi hadi maji yakageuka kama uji wa mlenda. Vikifa, bakteria huviozesha, na kazi hiyo hula oksijeni ambayo samaki walikuwa wakiitegemea.

Gugumaji nalo, mgeni kutoka Amerika Kusini, lilinufaika na karamu hiyo. Miaka ya 1990 lilifunga bandari na mialo ya Ziwa Victoria. Mbawakavu walioletwa kulitafuna walilipunguza, ila fosforasi hawaigusi.

Baadhi ya waandishi huita hali hii “urutubishaji”. Jina hilo linapendeza mno, kana kwamba ziwa limefadhiliwa. “Rutuba iliyozidi” linafaa zaidi.