Vijana, Ngoma na Serikali: Sera ya Utamaduni Ilivyofika Ufipa

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika wengi waone haya kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe. Kuweka vijana na utamaduni chini ya waziri mmoja kulibeba fikra nzito, yaani kwamba urithi hauna maana usipopata warithi.

Utekelezaji, hata hivyo, ulianzia Dar es Salaam. Serikali iliunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kikafuatwa na kundi la sarakasi ambalo vijana wake walipelekwa China kujifunza, na mafunzo ya sanaa yakaja kupata makao katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Kijana wa Muze, kijiji cha Ufipa katika Bonde la Rukwa chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, alikutana na sera hiyo shuleni, hasa kwa njia ya ngonjera, ambayo ni ushairi wa majibizano uliokuzwa na mshairi Mathias Mnyampala na kuenezwa sana baada ya Azimio la Arusha la 1967. Watoto waliovaa sare walisimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja akijifanya asiyeelewa siasa ya Ujamaa na mwenzake akimjibu kwa beti alizokariri, mpaka yule wa kwanza akubali kuwa ameelimika. Ngonjera ilijenga Kiswahili fasaha na ujasiri wa kusema hadharani, na faida hiyo haipaswi kubezwa. Lakini maneno yalikuwa yameshaandikwa, na kazi ya kijana ilikuwa kuyatamka.

Ufipa ulikuwa na shule nyingine ya sanaa, nayo ni usimulizi wa hadithi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uleule wizara mpya ilipokuwa ikijipanga, alikusanya masimulizi ya Wafipa na kuyatolea kitabu kwa Kiingereza mwaka 1978. Inasikitisha kwamba hazina hiyo ilipata msomaji wa Kiingereza kabla ya kupata nafasi ya kudumu katika madarasa ya Sumbawanga, ilhali nsimba, ngoma ya Wafipa, iliitwa zaidi kupamba sherehe za kiserikali.

Baadaye ndoa ya 1962 kati ya vijana na utamaduni ilivunjika. Utamaduni ulihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, na Baraza la Sanaa la Taifa, maarufu kama BASATA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984 ili kukuza na kusimamia shughuli za wasanii. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 1996 ilitolewa na wizara iliyoshughulikia kazi, na Sera ya Utamaduni ya 1997 ikatolewa na Wizara ya Elimu na Utamaduni, kila moja kwa njia yake. Sera hii ya pili ilitaka sanaa zifundishwe shuleni, lakini somo lisilo na mwalimu aliyeandaliwa wala vifaa hubaki kwenye karatasi, hasa katika shule za bondeni.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi iliyo wazi zaidi katika elimu ya msingi, na fursa hiyo isipotee. Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, kupitia maofisa wake wa utamaduni na elimu, haihitaji kusubiri maelekezo ya Dodoma ili kuwaalika wasimulizi wazee wa Muze na vijiji jirani madarasani, kurekodi hadithi zao kwa Kifipa na Kiswahili, na kuwaachia wanafunzi uhuru wa kuzisimulia upya kwa maneno yao. Wazee hao wanazidi kupungua, kwa hiyo kazi hiyo ianze sasa.