Vimondo Asilia: Historia ya Dhana na Haja ya Istilahi

Neno kimondo ni la siku nyingi katika lugha yetu. Wazee wa pwani walilitumia kwa ule mwali unaokatiza angani usiku na kutoweka, na wengi wao waliamini kuwa ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani aendaye kudukiza habari za mbinguni. Siku hizi neno hilo hilo hutumika pia kwa jiwe au chuma kilichotua ardhini, kama kile cha Mbozi, mkoani Songwe. Upanuzi huo wa maana haujamtatiza msomaji. Tatizo huanza pale mfasiri au mwalimu anapokutana na kundi la vimondo ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani huliita kwa kivumishi ambacho kamusi hukifasili kuwa "-a kale", "duni", au hata "-a kishenzi". Akiifuata kamusi peke yake ataandika "vimondo vya kale" au, vibaya zaidi, "vimondo duni". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri zote mbili ni makosa, tena si makosa ya lugha tu bali ya elimu yenyewe.

Hapana budi tuanze na historia. Mwaka 1794 Ernst Chladni, mwanafizikia wa Kijerumani, alichapisha kitabu akidai kuwa mawe na vyuma vya namna hii hutoka nje ya dunia yetu. Wengi walimcheka. Lakini tarehe 26 Aprili 1803 maelfu ya mawe yalianguka L'Aigle, Ufaransa, na taarifa ya Jean-Baptiste Biot, aliyetumwa kuchunguza, ikawanyamazisha wabishi. Mwaka 1864 Gustav Rose wa Berlin aliviita vimondo vingi vya mawe kwa jina la kondriti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya punje, kwa kuwa aliona ndani yake punje ndogo za mviringo. Mwaka 1877 Mwingereza Henry Sorby, aliyezichunguza punje hizo kwa hadubini, alieleza kuwa hapo kwanza zilikuwa vitone vya mawe yaliyoyeyuka, mfano wa mvua ya moto.

Utafiti wa baadaye umethibitisha maoni ya Sorby. Vitone hivyo viliganda vikielea katika wingu la gesi na vumbi lililolizunguka Jua changa, kisha vikakusanyika pamoja na vumbi hilo kuwa gimba. Jambo kuu ni kwamba gimba lenyewe halikuyeyuka tena. Gimba linapoyeyuka, chuma huzama katikati na mawe hubaki juu, hata uwiano wa mwanzo wa elementi ukapotea. Aliyeletewa samli hawezi tena kueleza maziwa yalikuwaje. Kondriti ni maziwa yenyewe. Vimondo vya chuma ni samli.

Sasa tutazame neno "kale". Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani, kwa kupima aina mbalimbali za risasi zilizomo katika vimondo, alitangaza kuwa umri wa vimondo na wa Dunia ni miaka milioni 4,550 hivi. Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kikubwa kilianguka Allende, Mexico. Ndani yake mna madoa meupe yenye kalsiamu na alumini nyingi, na madoa ya namna hiyo yamepimwa na kukutwa na umri wa miaka milioni 4,567. Hivyo ndivyo vitu vigumu vya kwanza tunavyovijua katika Mfumo wa Jua. Madoa hayo yana pia alama za alumini-26, elementi nururifu ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka laki saba hivi. Magimba yaliyoundwa mapema, ndani ya miaka milioni moja au zaidi kidogo, yaliikuta alumini hiyo ingali nyingi. Joto lake likayayeyusha. Kondriti ziliundwa baadaye, kiasi cha miaka milioni 2 hadi 4 baada ya madoa hayo, wakati joto hilo lilipokuwa limepungua, nazo zikasalimika.

Kwa hiyo magimba yaliyozaa vimondo vya chuma, kwa kawaida, yaliundwa kabla ya yale ya kondriti. Anayeandika "vimondo vya kale" huku akikusudia kondriti amegeuza historia juu chini.

Ama kuhusu "duni", jibu limo katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Lakini ukiacha gesi na elementi chache nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na ule wa Jua. Kundi lake likapewa ufupisho CI, ambamo herufi ya pili husimama kwa Ivuna, na wataalamu duniani kote hulitumia kama kipimo cha kulinganishia. Mwaka 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za udongo wa asteroidi Ryugu, walioupima walisema unafanana na vimondo vya aina ya Ivuna.

Ivuna inatufunza jambo jingine la istilahi. Maji yalipenya katika gimba lake la asili, yakageuza madini yake, hata punje karibu zote zimetoweka. Hata hivyo bado huitwa kondriti. Mfasiri atakayeitafsiri asili ya neno hilo na kusema "kimondo punje" atakuwa ameinyima Ivuna nafasi katika kundi lake.

Kwa mintarafu hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, neno kondriti likopwe kama lilivyo. Pili, vile vitone vya ndani viitwe punje za kondriti. Tatu, kundi zima liitwe vimondo asilia, na fasili iandikwe wazi: vimondo vilivyotoka katika magimba ambayo hayajapata kuyeyuka, na kwa hiyo vimehifadhi, kwa kiasi kikubwa, uwiano wa elementi za wingu lililozaa Jua na sayari. Fasili hiyo haitaji umri wala haitoi sifa ya ubora au uduni.

Jina la kijiji chetu limekwisha kuwa istilahi katika lugha za wengine. Mwanafunzi wa Songwe anayetaka kujua kwa nini imekuwa hivyo anastahili kuelezwa kwa Kiswahili sahihi.