Theta na phi: Herufi mbili zinazoweza kuihamishia Dar es Salaam Siberia

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.3 mashariki. Sasa ipe kompyuta pembe hizo huku wewe na programu hamjaelewana herufi ipi ni pembe ipi. Jiji linaweza kutua kusini mwa Siberia, Urusi, na skrini isioneshe kosa lolote.

Chanzo ni herufi za Kigiriki theta (θ) na phi (φ), zinazotumika kutaja mahali kwenye tufe.

Mwanafizikia akisema theta, anamaanisha pembe inayoshuka kutoka ncha ya kaskazini. Kwake theta ya Dar ni 96.8, yaani 90 jumlisha 6.8, na phi ya kuzunguka ni 39.3. Kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 nacho kinafuata hivyo. Vitabu vingi vya kalkulasi vya Marekani vinageuza: theta ndiyo ya kuzunguka, kwa kuwa mwanafunzi alishaizoea hivyo kwenye duara la kawaida kabla ya kufika kwenye tufe. Sababu inaeleweka, ila ukizichanganya mbili hizi ndipo unapofika Siberia.

Programu nazo kila moja na lake. Mathematica iko upande wa wanafizikia. MATLAB, kwenye sph2cart, inataka kwanza pembe ya kuzunguka, halafu pembe ya kupanda kutoka ikweta. Hapo Dar ni -6.8, na usisahau kubadili nyuzi kuwa radiani.

SciPy, inayotumiwa sana na watu wa Python, ndiyo yenye kisa. Kwa miaka mingi sph_harm yake iliita theta pembe ya kuzunguka. Toleo la 1.15 la Januari 2025 likatangaza kuiachisha kazi na kuleta sph_harm_y, ambamo theta ni ile inayoshuka. Hata n na m zilibadilishana nafasi. Ukibadili jina tu kwenye kodi yako ya zamani, jibu linakuja, ila si lako.

Kwenye kalkulasi ya vekta hali ni mbaya zaidi. Katika fomula ya gradienti, sehemu ya kuzunguka hugawanywa kwa sine ya pembe inayoshuka. Ukikosea pembe, mwelekeo wa joto au upepo unapinda, lakini namba zinabaki za kuaminika kwa macho.

Mimi naona bora kuachana na herufi kabisa ndani ya kodi. Andika pembe_kutoka_kaskazini, ni ndefu lakini haina utata. Kisha jaribu na sehemu unayoijua, kama Dar. Usijaribu na 45 na 45, maana hizo hata ukizigeuza jibu ni lilelile.