Mdomo wa Bandia

Wengi wanaomjua Alvan Clark wanamjua kwa darubini. Mwaka 1862 mwanawe, Alvan Graham, akiijaribu lenzi mpya yenye upana wa inchi 18 na nusu kule Massachusetts, aliona nyota ndogo ubavuni mwa Sirius ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mimi nilimjulia mzee Clark kwingine, kwenye kipande kifupi cha mtutu wa bunduki. Kazi yangu ni kukereza vyuma. Bunduki sina, wala siitaki, ila ukinionyesha kifaa kilichotengenezwa kwa akili sitalala mpaka nijue nani alikifikiria. Hiki alikifikiria Clark, wakati huo akiishi kwa kuchora picha za watu, na hataza yake aliipata mwaka 1840.

Shida aliyokuwa akiitafutia dawa ilianzia kwenye madini yenyewe. Risasi ni laini mno. Ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na alama. Bunduki yenye mifuo ndani inataka risasi iing'ang'anie mifuo hiyo ili izungushwe, na zama za kushindilia kwa mbele hilo lilimaanisha kwamba mtu alisukuma kitu laini ndani ya tundu linalokibana, akitumia mdeki wa chuma. Mfaransa Delvigne, mwaka 1826, hakuuogopa ulaini huo, aliutumia. Nyuma ya mtutu aliweka chumba chembamba cha baruti. Risasi ikashuka bila kubanwa, ikakaa mdomoni mwa chumba, kisha askari akaigonga kwa mdeki mpaka ikatanuka na kuingia mifuoni. Ilitanuka kweli, lakini ilitoka imebondeka. Mwaka 1849 Mfaransa mwingine, Minié, akaiachia gesi ya baruti kazi ya kuitanua: alitoboa uvungu kitakoni mwa risasi, moto ukazisukuma kuta zake nje. Majeshi yaliridhika. Jeshi halitafuti tundu moja kwenye karatasi ya shabaha.

(Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore, na haya yote hayakumhusu. Ndani mtutu wake ulikuwa laini, hauna mfuo hata mmoja. Alishindilia baruti, kitambaa, gololi au vipande vya nondo, halafu alimnyatia mnyama mpaka akasikia anavyotafuna.)

Clark alikuwa mlenga shabaha, na walenga shabaha hawaridhiki. Alichofanya ni hiki. Fundi anaanza na mtutu mrefu kidogo kuliko unaohitajika. Anatoboa vitundu vidogo kwenye uso wake wa mbele, kisha anakata ncha ile. Anaweka pini za chuma kwenye vitundu, anakirudisha kipande mahali pake, na sasa ndipo anapochonga mifuo, akipitisha kikato kimoja kwenye mtutu na kipande kwa pamoja. Mwisho anakipanua kipande kwa mbele kama faneli; hicho ndicho mdomo wa bandia. Mpigaji anakichomeka, anaweka risasi, anaisukuma kwa kifaa kifupi ambacho ncha yake imechimbwa kwa umbo lile lile la pua ya risasi. Nguvu ya kiganja inagawanyika puani pote, haigongi sehemu moja. Risasi inaingia imenyooka, mifuo inaichora taratibu, na kabla ya kufyatua kipande kinatolewa. Kukisahau ni balaa, kwa hiyo baadhi ya mafundi walikiwekea kinundu juu ili kizibe njia ya jicho: usipokitoa, huoni unacholenga. Kinundu hicho nakipenda kuliko kifaa chenyewe. Fundi aliyekiweka alimjua mteja wake.

Edwin Wesson alikuwa miongoni mwa waliotengeneza bunduki za namna hiyo, lakini aliyeufikisha ufundi huu kileleni ni Harry Pope, aliyezaliwa 1861. Wakati wake bunduki zilikwishaanza kupakiwa kwa nyuma, baruti ikiwa ndani ya ganda la shaba. Pope akachanganya: ganda lenye baruti nyuma, risasi kutoka mbele kupitia mdomo wa bandia. Wengine walimwona mkaidi. Mtu wa karakana anamwelewa mara moja. Risasi ikisukumwa kwenye mifuo, vijinywele vya madini vinavutwa kuelekea upande inakotoka. Ikiingilia nyuma, vijinywele hivyo vinaning'inia kitakoni. Ikiingilia mbele, vinalala kuelekea puani, na ukingo wa kitako unabaki safi.

Kwa nini kitako? Aliyejibu ni daktari, Franklin Mann wa Massachusetts, ambaye kwa miaka mingi alipiga risasi alizokuwa amezijeruhi kwa makusudi. Kitabu chake kilitoka 1909. Alizikata pua, alizikwaruza pua, na bado zilikwenda karibu na palipotarajiwa. Alipokipasua kitako kidogo tu upande mmoja, risasi zilipotea. Sababu yake inaeleweka: risasi inapotoka mdomoni, gesi iliyo nyuma inachomoka kwa kishindo, na pale kitako kilipopungua gesi hutangulia kutoka, ikaipiga kofi upande mmoja.

Wakati huohuo watu wa kawaida walikuwa wakijaza maganda yao mezani. John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut mwaka 1884, akauza koleo moja lililobeba karibu karakana nzima, kalibu ya kusubu risasi ikiwemo. Hapo adui akawa ganda lenyewe. Mdomo wa shaba una ukingo mkali, na risasi laini ikiingizwa kwa nguvu inachongwa ubavuni kuanzia kitakoni. Dawa yake ni kuupanua mdomo wa ganda kidogo kabla ya kuipachika. Risasi zenye pua kali zilipoenea baada ya 1905, likaja lalamiko jipya: kishindilio cha kale cha kupachikia risasi, kilichochimbwa kwa pua za mviringo, kiliacha duara puani. Watu walilipigia kelele duara hilo kuliko walivyowahi kukipigia kitako, nami nadhani ni kwa sababu duara linaonekana, ilhali kitako kimefichwa ndani ya ganda.

Pope alifungua karakana San Francisco mwaka 1906, tetemeko na moto wa Aprili vikaiteketeza. Baadaye alifanya kazi Jersey City hadi uzeeni, akafariki 1950. Mitutu yake bado inauzwa, na mnunuzi mjuzi huuliza kwanza kama mdomo wa bandia upo. Ukipotea, wa mtutu mwingine hautafaa, kwa sababu mifuo ya kila jozi ilichongwa kwa mpitisho mmoja.