Chichén Itzá: Kutoka Hija ya Kisimani hadi Safari ya Siku Moja

Kila siku, kuanzia mapambazuko, mabasi ya watalii huondoka kwenye hoteli za Cancún na Playa del Carmen, pwani ya mashariki ya Mexico, na kushika njia ya magharibi kwenda kwenye magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá. Kutoka Cancún ni kilomita zipatazo 200, katika nchi tambarare yenye msitu mfupi usio na kilima hata kimoja. Ratiba za kampuni zote hufanana: saa mbili hivi kwenye magofu pamoja na mwongoza watalii, kuogelea kwenye shimo la maji liitwalo senote, chakula cha mchana, na muda mfupi wa kuzunguka mji wa Valladolid kabla ya kurudi pwani. Wasafiri wa kutoka pwani hujipatia saa moja ya ziada asubuhi, kwa kuwa saa za jimbo la Quintana Roo, iliko Cancún, ziko mbele ya zile za jimbo jirani la Yucatán. Jioni deni hilo hulipwa.

Kwenye matangazo, magofu na senote huuzwa kama bidhaa mbili: elimu asubuhi, starehe mchana. Historia ya mahali penyewe haivitenganishi. Mji ulijengwa pale kwa sababu ya maji ya mashimoni, jina lake lilitokana na maji hayo, na watu waliendelea kuyaendea kwa ibada hata baada ya mji kuhamwa.

Rasi ya Yucatán ni bamba la mawe ya chokaa lililowahi kuwa sakafu ya bahari. Upande wake wa kaskazini hauna mito inayotiririka juu ya ardhi, kwa sababu mvua ikinyesha huzama mara moja kwenye nyufa za mwamba. Maji hayo hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, yakageuka asidi hafifu, na asidi hiyo huila chokaa kidogo kidogo hadi mapango yakatokea. Katika zama za barafu, usawa wa bahari uliposhuka kwa zaidi ya mita 100, mengi ya mapango hayo yalikauka, na matone ya darini yakajenga nguzo za mawe ambazo leo wazamiaji huzikuta zimesimama ndani ya maji. Bahari ilipopanda tena, mapango yakajaa. Dari likichoka na kuporomoka, hubaki tundu lenye kuta zilizosimama wima na maji chini yake. Hiyo ndiyo senote, na rasi ina maelfu yake. Maji matamu ya juu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini.

Waongoza watalii hupenda kusema kwamba senote zilichimbwa na kimondo kilichoangamiza dainosari. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kimondo kilianguka miaka milioni 66 iliyopita karibu na mahali palipo leo mji mdogo wa Chicxulub, na kasoko yake yenye upana wa kilomita 180 hivi imefukiwa chini ya mamia ya mita za chokaa iliyotuama baadaye. Ukingo wa kasoko hiyo uliuacha mwamba ukiwa dhaifu, na ndiyo maana kusini mwa mji wa Mérida senote zimejipanga kama sehemu ya duara. Chichén Itzá, hata hivyo, iko nje ya duara hilo, na mashimo yake ni kazi ya mvua tu.

Mji ulikuwa na senote mbili kubwa. Moja, Xtoloc, iliwapa wakazi maji ya matumizi ya kila siku. Nyingine, ambayo leo huitwa Senote Takatifu, iko kaskazini, mwisho wa barabara ya mawe iliyoinuliwa na kupakwa chokaa nyeupe, yenye urefu wa mita 300 hivi. Ina upana wa takriban mita 60, na kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni zaidi ya mita 20 za ukuta mtupu. Hapakuwa na njia rahisi ya kuteka maji hapo. Mji ulistawi takriban kati ya mwaka 800 na 1100, kipindi ambacho miji mikubwa ya Wamaya ya kusini, kama Tikal, ilikuwa ikiachwa mmoja baada ya mwingine na ukame ukirudi mara kwa mara. Chaac, mungu wa mvua, alipewa nafasi kubwa katika ibada za watu wa nchi hiyo, na wakulima wa mahindi wasio na mto walikuwa na sababu ya kutosha ya kumpa.

Jengo linaloonekana kwanza kwa mtalii ni piramidi ya Kukulkán, mungu nyoka, ambayo Wahispania waliiita El Castillo. Ina kimo cha mita 30 pamoja na hekalu la juu. Kila upande kati ya pande nne una ngazi 91. Ukijumlisha na kidato cha hekalu hupatikana 365, idadi ya siku za mwaka. Katika siku ambazo mchana na usiku hulingana, mwezi Machi na Septemba, jua la jioni huchora pembetatu za mwanga kando ya ngazi za kaskazini hadi kwenye kichwa cha nyoka cha mawe kilicho chini, na maelfu ya watu hukusanyika kumwona nyoka huyo akishuka. Umati wote huo hauna haja ya kugombea siku moja, kwani mwanga huo huonekana pia siku kadhaa kabla na baada. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, waliopima mwamba kwa umeme, walitangaza dalili za uwazi wenye maji chini ya piramidi yenyewe.

Kitu kingine ambacho hakikosekani kwenye ziara ni kupiga makofi. Mwongozaji husimama mbele ya ngazi za kaskazini, hupiga kofi moja, na ukuta hujibu kwa mlio mwembamba unaoshuka kama wa ndege. Kila kidato hurudisha mwangwi wake. Mwangwi wa vidato vya chini hufika kwa kufuatana upesi, wa vidato vya juu hufika kwa kuachana zaidi, na sikio husikia sauti inayopungua. Mtaalamu wa sauti Mmarekani David Lubman alitoa hoja mwaka 1998 kwamba mlio huo unafanana na wa ketsali, ndege mtakatifu wa Wamaya. Kama wajenzi walikusudia hivyo ni jambo lingine. Ngazi ndefu yoyote ya mawe yenye vidato vyembamba itafanya karibu vivyo hivyo. Wachuuzi wa ndani ya uwanja huongeza kelele zao kwa filimbi za udongo zinazonguruma kama jagwa, yule chui wa Amerika, na hazinyamazi mpaka saa za kufunga.

Hija ya kwenda kwenye Senote Takatifu iliendelea karne kadhaa baada ya mji kudhoofika na nguvu kuhamia mji wa Mayapán. Francisco de Montejo kijana alijaribu kuweka makao ya Wahispania kwenye magofu hayo katika miaka ya 1530, lakini Wamaya wa huko walimfukuza. Askofu Diego de Landa, aliyeandika habari za Yucatán mnamo 1566, alieleza kwamba wenyeji walikuwa wakienda kwenye kisima hicho kwa heshima ileile ambayo Wakristo waliiweka kwa hija za Yerusalemu na Roma, na kwamba nyakati za ukame walitupa humo watu wakiwa hai pamoja na vitu vya thamani. Landa ndiye huyohuyo aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562. Mengi yanayofahamika kuhusu kisima hicho yamepitia kalamu ya mtu aliyeteketeza kumbukumbu za wenye kisima.

Karne ya 19 ilileta wageni wa aina nyingine. Mwandishi John Lloyd Stephens na mchoraji Frederick Catherwood walifika mwaka 1842, na kitabu chao cha mwaka uliofuata kiliyatangaza magofu kwa wasomaji wa Kiingereza. Mwaka 1875 Augustus Le Plongeon alichimbua sanamu ya mtu aliyelala chali huku ameshika sahani tumboni, akaipa jina la Chac Mool, ambalo limebaki hadi leo.

Aliyebadilisha mambo zaidi ni Edward Herbert Thompson, konseli wa Marekani mjini Mérida. Mwaka 1894 alinunua shamba zima la Chichén, magofu yakiwamo. Kuanzia 1904 alifunga kreni ya kamba na kijiko cha chuma ukingoni mwa Senote Takatifu, akawa anazoa tope la chini na kulipekua kwa mkono. Baadaye alizama mwenyewe kwa vazi la wazamiaji, akiwa na wapiga mbizi Wagiriki. Vilivyotoka ni mabonge ya uvumba wa utomvu unaofanana na sandarusi, kengele za shaba, sahani za dhahabu iliyosafiri kutoka Amerika ya Kati, vito vya jedi vya kijani, vipande vya nguo na mifupa ya binadamu. Vingi vilipelekwa kwa siri kwenye Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard. Serikali ya Mexico ilimshtaki na kulitwaa shamba mwaka 1926, na Thompson akafa mwaka 1935 kesi ikiendelea. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya nchi iliwapa ushindi warithi wake. Sehemu ya vitu ilirudishwa Mexico katika miaka ya 1970.

Thompson alipenda hadithi ya mabikira waliotoswa kisimani, na hadithi hiyo ingali inasimuliwa kwenye mabasi. Mifupa inasema mengine: humo mlikuwa na wanaume, wanawake, na watoto wengi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha vinasaba vya watoto 64 waliozikwa katika ghala la chini ya ardhi karibu na senote hiyo. Wote walikuwa wa kiume, na miongoni mwao mlikuwa na jozi mbili za pacha wa kufanana.

Utalii wenyewe ulihitaji barabara. Reli za Yucatán zilikuwa zimejengwa kwa utajiri wa henekeni, ndugu wa mkonge. Mgeni alipanda treni hadi mji wa Dzitás, kisha akavumilia zaidi ya kilomita 20 kwa mkokoteni au farasi. Mwaka 1923 gavana Felipe Carrillo Puerto alifungua barabara ya kutoka Dzitás hadi magofuni. Mwezi Januari uliofuata alipigwa risasi na waasi. Taasisi ya Carnegie ya Washington ilianza kazi yake hapo mwaka 1924 chini ya mwanaakiolojia Sylvanus Morley, huku Wamexico wakikarabati piramidi kwa pande mbili tu na kuziacha nyingine zikiwa zimebomoka. Fernando Barbachano Peón, mfanyabiashara wa Mérida, alijenga hoteli na kuleta watalii, kisha akalinunua shamba kwa warithi wa Thompson.

Bado watalii walikuwa wachache, na waliofika walilala. Safari ya kwenda na kurudi siku moja ilizaliwa na Cancún, mji ambao serikali ya Mexico ilianza kuujenga mwaka 1970 kwenye kisiwa cha mchanga kilichokuwa na watu wa kuhesabika. Hoteli za kwanza zilifunguliwa mwaka 1974. UNESCO iliyaweka magofu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, barabara ya kulipia ya miaka ya 1990 ikafupisha mwendo, na kura ya dunia ya mwaka 2007 ikayaingiza kwenye maajabu saba mapya. Sasa wageni hupita milioni 2 kwa mwaka. Kupanda piramidi kulipigwa marufuku mwaka 2006 baada ya mtalii kuanguka na kufa. Ardhi ya chini ya magofu yote hayo ilibaki mali ya familia ya Barbachano hadi mwaka 2010, jimbo la Yucatán lilipoinunua kwa peso milioni 220.

Kwenye Senote Takatifu hakuna anayeogelea. Mtalii huitazama kutoka ukingoni. Anayetaka maji hupelekwa mahali pengine, mara nyingi senote ya Ik Kil, kilomita 3 hivi kutoka hapo. Uso wa maji uko mita 26 chini ya ardhi, na ngazi iliyochongwa ndani ya mwamba huteremka hadi huko. Mizizi ya miti ya juu inaning'inia kama kamba, na kambare weusi hupita kati ya miguu ya waogaji. Kabla ya kushuka kila mtu huoga bafuni ili aondoe mafuta ya kujikinga na jua, na huvaa jaketi la kujiokolea hata akijua kuogelea.

Uchafu wa ngozi ni mdogo ukilinganishwa na majitaka ya miji na mashamba yanayozama kwenye mwamba uleule wenye nyufa. Homún, mji wa Wamaya ulio kwenye duara la senote, huishi kwa kuwapeleka wageni mashimoni kwa bajaji. Shamba la nguruwe 49,000 lilipojengwa karibu, wakazi walifungua kesi kwa jina la watoto wao. Mahakama ililisimamisha mwaka 2018, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Mexico ikathibitisha amri hiyo.